Kutoka Leseni ya Kodi hadi Leseni ya Dhamana: Historia ya Uwajibikaji katika Udalali na Bodi ya Leseni za Madalali nchini Kenya

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya leseni ya udalali kuanzia mapokeo ya sheria za Uingereza na India hadi kuundwa kwa Bodi ya Leseni za Madalali nchini Kenya kupitia Sheria ya Madalali ya 1996. Hoja kuu ni kwamba leseni ya dalali imebadilika kimaana mara mbili: kwanza ilikuwa njia ya serikali kupata mapato, kisha ikawa chombo cha kudhibiti mwenendo wa mwenye leseni. Badiliko la tatu, lililoanza na Katiba ya 2010, linaitaka Bodi yenyewe iwajibike kwa umma, na halijakamilika. Makala inaonyesha kuwa Kanuni za Madalali za 1997 zilijenga uwazi wa kina katika hatua za kukamata na kuuza mali, ilhali uwazi wa taasisi inayotoa na kuondoa leseni uliachwa nyuma. Mfano wa Tanzania unatumiwa kwa ulinganisho, na mapendekezo yanatolewa kwa watunga sera wa ukanda wa Afrika Mashariki.

Utangulizi

Katika mfumo wa kudai madeni kisheria, dalali ndiye mtu wa mwisho kukutana na mdaiwa. Hakimu hutoa hukumu akiwa mahakamani na benki huandika barua kutoka makao yake makuu. Anayebisha hodi mlangoni na kuorodhesha viti, ng'ombe au trekta ni dalali. Kwa familia nyingi, yeye ndiye sura pekee ya sheria ambayo wamewahi kuiona kwa karibu. Akitenda haki, deni hulipwa na mdaiwa hubaki na heshima yake. Akitenda dhuluma, shamba lililolimwa na vizazi vitatu linaweza kwenda kwa bei ya kutupa katika muda wa asubuhi moja.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anamsimamia dalali si dogo. Wanahistoria wa uchumi wa Afrika Mashariki wameandika kwa upana kuhusu wakopeshaji, wakulima na ardhi, lakini mtu aliyesimama kati yao, mwenye nyundo ya mnada, hajapewa nafasi inayomstahili. Makala hii inauliza maswali matatu. Leseni ya dalali ilianzishwa kwa madhumuni gani? Madhumuni hayo yalibadilikaje? Na mwananchi wa leo anawezaje kujua kwamba bodi inayotoa leseni inatimiza wajibu wake?

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Uwazi, katika makala hii, ni hali ya taarifa kupatikana kwa mtu anayeathirika na uamuzi, kwa wakati na kwa lugha anayoielewa. Uwajibikaji ni hali ya mwenye mamlaka kulazimika kutoa sababu za uamuzi wake mbele ya chombo kinachoweza kuubatilisha. Uwazi ni sharti la uwajibikaji lakini hautoshi peke yake.

Mnada na dalali katika lugha na historia ya pwani

Maneno yenyewe yana historia. Mnada umetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita au kutangaza kwa sauti, mzizi uleule uliotupa kitenzi kunadi. Dalali ametokana na mzizi wenye maana ya kuonyesha au kuongoza: ni yule anayemwonyesha mnunuzi mahali bidhaa ilipo. Kwa hiyo katika asili ya lugha mnada ni tendo la hadharani, na mnada wa faragha ni kauli inayojipinga.

Hata hivyo, uhadhara wa mnada haukuwa dhamana ya haki. Katika karne ya 19, Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu na karafuu, na binadamu nao waliuzwa kwa mnada mchana kweupe hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 chini ya mkataba ambao Sultani Barghash alishinikizwa na Uingereza kuutia saini. Mnada ule ulikuwa wazi kwa kila jicho, lakini aliyenadiwa hakuwa na pa kulalamika. Ushahidi huu unatosha kututahadharisha tusichukulie kwamba jambo likifanywa mbele ya watu limefanywa kwa haki.

Urithi wa Uingereza: leseni kama kodi

Mfumo rasmi wa leseni za madalali ulikuja na utawala wa Waingereza, na nchini Uingereza leseni hiyo ilikuwa suala la hazina. Kodi ya minada ilianza kutozwa huko mwaka 1777. Sheria ya Madalali ya 1845 iliifuta kodi hiyo ya mauzo na badala yake ikamtaka kila dalali alipe pauni 10 kila mwaka kwa ajili ya leseni. Sheria haikuweka mtihani wa ujuzi wala uchunguzi wa tabia. Aliyelipa alikuwa dalali. Ada hiyo ilifutwa mwaka 1949.

Pamoja na hayo, sheria ya 1845 ilikuwa na kifungu kimoja chenye maana kubwa kwa mada yetu. Ilimtaka dalali, kabla ya kuanza mnada, abandike mahali pa wazi jina lake kamili na anwani ya makazi yake. Sharti hilo dogo lilikuwa mbegu ya uwajibikaji, kwani mtu aliyedhulumiwa mnadani alijua nani wa kumshtaki na wapi pa kumpata.

Urithi wa India: utaratibu wa kukamata mali

Mkondo wa pili ulitoka India. Kuanzia mwaka 1897, sheria nyingi za India ya Waingereza zilitumiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, na sheria za mwenendo wa madai za Kenya na Tanzania hadi leo zina alama za Kanuni ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908. Kutoka huko tulirithi hatua za utekelezaji wa hukumu: hati ya kukamata mali, tangazo la mauzo, mnada wa hadharani, na marufuku kwa ofisa anayehusika na mauzo kujinunulia mali inayouzwa. Tulirithi pia orodha ya vitu visivyoweza kukamatwa, kama vile nguo za lazima, vyombo vya kupikia, matandiko, na zana za kazi za fundi.

Mikondo hii miwili iliacha pengo. Uingereza ilitupa leseni isiyo na nidhamu ya kitaaluma. India ilitupa utaratibu wenye nidhamu, lakini unaotegemea mahakama kumsimamia dalali katika kesi moja moja. Hapakuwa na chombo cha kuuliza kama mtu huyu, baada ya malalamiko kumi katika mahakama kumi tofauti, bado anafaa kuwa dalali.

Zanzibar, 1934: deni bila dalali

Pengo hilo linaonekana vizuri katika mgogoro wa madeni ya mashamba ya mikarafuu. Kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka na wenye mashamba wengi, Waarabu na Waafrika, walikuwa wameweka mashamba yao rehani kwa wakopeshaji wenye asili ya India. Serikali ya Zanzibar ilitoa mfululizo wa sheria mwaka 1934, ikiwemo iliyozuia uhamishaji wa ardhi kwa watu wasio Waarabu au Waafrika, pamoja na kusitisha kwa muda madai ya madeni. Upinzani dhidi ya sera za serikali, hasa dhidi ya mamlaka yaliyopewa Chama cha Wakulima wa Karafuu katika biashara ya zao hilo, ulifikia kilele katika mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa mwaka 1937 na 1938.

Kinachovutia kwa mwanahistoria wa udalali ni mahali serikali ilipoelekeza macho. Sheria hizo zilishughulika na asili ya mnunuzi na ya muuzaji. Swali la jinsi mauzo ya lazima yanavyoendeshwa, yaani nani anathamini shamba, nani anatangaza na nani anakagua bei iliyofikiwa, halikuwa kiini cha mjadala. Deni lilitazamwa kama ugomvi wa jamii mbili, na utaratibu wa mauzo ukabaki pembeni.

Kenya, 1996: leseni kama nidhamu

Badiliko la kwanza kubwa nchini Kenya lilikuja katika miaka ya 1990. Viwango vya riba viliachwa huru mwaka 1991 na vikapanda kwa kasi mwaka 1993. Wakopaji wengi waliojikopesha kwa masharti ya zamani walijikuta wakidaiwa kwa masharti mapya. Katika hali kama hiyo, kazi ya dalali huongezeka na malalamiko dhidi yake huongezeka pia. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa wengi, miaka hiyo ilikuwa ya matanga.

Sheria ya Madalali, Namba 5 ya 1996, iliunda Bodi ya Leseni za Madalali na kuipa jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara na mwenendo wa madalali. Mwanzo huu ulikuwa na maana tatu. Kwanza, leseni ilitengwa na mantiki ya kodi, kwa kuwa mwombaji sasa alipaswa kuonyesha kwamba anafaa. Pili, mtu yeyote mwenye lalamiko dhidi ya dalali alipata mahali pa kulipeleka pasipo kufungua kesi, na Bodi ikapewa mamlaka ya kutoa adhabu za kinidhamu, hadi kufuta leseni. Tatu, kifungu cha 26 kilithibitisha haki ya aliyeumizwa na matumizi mabaya ya mamlaka ya dalali kudai fidia moja kwa moja mahakamani. Nidhamu ya kitaaluma na fidia ya mwathiriwa zilitambuliwa kuwa mambo mawili tofauti, na moja halikuwa kizuizi cha jingine.

Kanuni za 1997: uwazi wa hatua

Kanuni za Madalali za 1997 ndizo zilizoupa mfumo huu mwili. Kwa mali inayohamishika, dalali akipokea hati ya mahakama au barua ya maagizo, hutakiwa kuiandikisha katika rejista. Kisha huandaa orodha ya mali inayoonyesha thamani na hali ya kila kitu. Mwenye mali hupewa notisi ya maandishi ya siku 7 ili aikomboe kwa kulipa. Mali haiondolewi kabla ya muda huo kwisha, na baada ya kuondolewa mnada haufanyiki hadi utangazwe gazetini. Kwa ardhi na majengo, notisi ya ukombozi ni siku zisizopungua 45, na bei ya chini inayokubalika hutakiwa kutegemea uthamini wa kitaalamu uliofanywa ndani ya miezi 12 kabla ya mauzo.

Kila hatua huacha karatasi. Rejista inaonyesha ni lini maagizo yalipokewa. Orodha inaonyesha kilichokamatwa, na hivyo kinachoweza kudaiwa kuwa kimepotea. Notisi inaonyesha kama siku 7 zilihesabiwa kwa uaminifu. Karatasi hizo zikikaguliwa pamoja, mtu anaweza kujua kama dalali alifuata sheria hata baada ya mali kuuzwa. Huu ni uwazi uliojengwa ndani ya utaratibu wenyewe.

Suala la ada linaonyesha kwa nini uwazi huo ni muhimu. Chini ya Kanuni ya 7, malipo ya dalali hubebwa na mdaiwa, isipokuwa pale ambapo hapatikani, hana mali ya kukamatwa, au mapato ya mauzo hayatoshi. Hapo mdai ndiye hulipa. Maana yake ni kwamba mdaiwa humlipa mtu ambaye hakumchagua, kwa kazi ambayo hakuiomba, kwa kiwango ambacho hakujadili. Katika soko la kawaida mteja asiyeridhika huenda kwingine. Mdaiwa hana kwingine pa kwenda. Kinga yake ni jedwali la ada lililowekwa na kanuni, na haki ya kuomba mzozo wa ada uamuliwe na msajili, hakimu au Bodi. Asipojua kwamba jedwali hilo lipo, kinga hiyo hubaki maandishi tu.

Katiba ya 2010: leseni kama dhamana ya umma

Badiliko la pili lilikuja kutoka nje ya sheria ya udalali. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaorodhesha uwazi na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayofunga vyombo vyote vya dola. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, halali na wa haki, pamoja na sababu za maandishi pale haki zake zinapoathirika. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 ziliviwekea vifungu hivyo utaratibu.

Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo iligusa kiini cha mnada wa mali iliyowekwa rehani. Ilimtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 90 kuhusu kutolipwa kwa deni, kisha notisi ya siku 40 kuhusu kusudio la kuuza. Ilimpa pia wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa njia za kawaida. Ardhi ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi ulihamishwa kutoka kwa mdaiwa, asiye na nyaraka, hadi kwa mkopeshaji aliye nazo.

Kwa pamoja, sheria hizi zilibadili nafasi ya Bodi. Tangu 1996 Bodi ilikuwa msimamizi anayewauliza madalali maswali. Baada ya 2010 yenyewe ni chombo cha umma kinachopaswa kuulizwa: kwa nini mwombaji huyu alinyimwa leseni na yule akapewa, lalamiko la mwaka jana limefikia wapi, adhabu ya kosa hili ililinganaje na adhabu ya kosa kama hilo. Maswali hayo yanamlinda dalali pia. Kufutiwa leseni ni kupoteza riziki, na dalali mwaminifu ana haki ileile ya kusikilizwa na kupewa sababu.

Mahali uwazi wa taasisi unapopimwa

Historia hii inatupa vipimo vinne vya kutathmini bodi yoyote ya aina hii.

Kipimo cha kwanza ni orodha ya wenye leseni. Orodha inayotaja jina pekee haimsaidii mtu aliyesimama mlangoni akikabiliwa na dalali asiyemjua. Inapaswa kuonyesha daraja la leseni, muda wake wa kwisha, na kama imesimamishwa, na iweze kuangaliwa siku hiyohiyo.

Kipimo cha pili ni kumbukumbu ya uamuzi wa nidhamu. Mahakama hujenga mfuatano wa maamuzi kwa sababu hukumu zake husomwa na wengine. Bodi ambayo maamuzi yake hayasomwi na watu nje ya wahusika inaweza kuadhibu kosa moja kwa njia mbili bila mtu kugundua. Kuchapisha muhtasari wa kila uamuzi, ukiwa umefichwa majina ya walalamikaji, kungeweza kuziba mwanya huo.

Kipimo cha tatu ni mgongano wa maslahi. Popote bodi inapowajumuisha watu wa taaluma inayosimamiwa, ujuzi wao ni wa lazima lakini ukaribu wao ni hatari. Katika mji mdogo, mjumbe anaweza kuamua lalamiko dhidi ya mshindani wake au mshirika wake. Kujitoa katika shauri kunapaswa kuandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Kipimo cha nne ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, fomu zilizoambatishwa kwenye Kanuni za 1997, zikiwemo orodha ya mali na notisi, ziliandikwa kwa Kiingereza. Siku 7 za ukombozi ni chache mno kwa mtu anayehitaji kwanza kumtafuta mtu wa kumsomea karatasi aliyoachiwa. Notisi isiyoeleweka imetimiza sharti la kisheria la kupelekwa, lakini haijampa mdaiwa nafasi ambayo sheria ilikusudia kumpa.

Ulinganisho: madalali wa mahakama nchini Tanzania

Tanzania ilichukua njia tofauti kwa kuweka usimamizi wa madalali wa mahakama ndani ya Mhimili wa Mahakama. Kanuni za Uteuzi, Malipo na Nidhamu za Madalali wa Mahakama na Wasambaza Nyaraka za 2017 zinahusisha uteuzi na mafunzo, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina nafasi katika kuwaandaa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Katika mambo mawili, yaani mafunzo ya kabla ya uteuzi na lugha ya mdaiwa, Kenya ina la kujifunza. Kwa upande wake, Kenya ina bodi ya kisheria inayowasimamia madalali wa mahakama na wa mabenki kwa pamoja, jambo linalorahisisha kuona mwenendo wote wa mtu mmoja mahali pamoja.

Hitimisho

Kutoka pauni 10 za mwaka 1845 hadi notisi ya siku 45 ya mwaka 1997, leseni ya dalali imebeba maana zinazotofautiana: stakabadhi ya kodi, cheti cha mwenendo, na sasa dhamana ya umma. Kenya imefanya kazi kubwa katika hatua ya pili. Hatua ya tatu inahitaji Bodi iweke mezani taarifa zake yenyewe kwa ukamilifu uleule inaoudai kwa dalali.

Makala inapendekeza mambo manne yasiyohitaji gharama kubwa: sijili ya leseni inayopatikana kwa simu, muhtasari wa maamuzi ya nidhamu unaochapishwa kila robo mwaka, kumbukumbu za wajumbe waliojitoa katika mashauri, na fomu za orodha na notisi kwa Kiswahili, zikiwa na jedwali la ada na maelezo ya jinsi ya kulalamika nyuma ya karatasi ileile. Pendekezo la mwisho ndilo la kuanza nalo, kwa sababu linamfikia mdaiwa katika zile siku 7 ambazo bado anaweza kuokoa mali yake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu kumbukumbu za minada katika mahakama za wilaya za Kenya, Tanzania na Uganda, ambazo zikisomwa pamoja zitatueleza ni kwa bei gani mali za wadaiwa zimekuwa zikiuzwa katika ukanda huu.